Aliyemwita Hamisi Juu ya Dari

Thornton Heath

Jamani, nimechoka kuisimulia habari hii vipande vipande, leo jikoni kwa mmoja wenu, kesho kwenye foleni ya duka la ndizi, na kila nikifika penyewe simu ya mtu inalia. Basi nimekaa nikaiandika yote. Someni taratibu, na mkimaliza msimuulize mume wangu maswali. Yeye ameshasema ya kwake.

Wengi wenu mnajua kwamba Hamisi alianguka. Mlikuja hospitali na machupa ya uji. Asiyejua, ajue hivi: Hamisi ni fundi wa lipu ya chokaa. Kazi aliifundishwa na mjomba wake kule Pangani, kwenye majumba ya mawe ya zamani, na hapa London kazi hiyo hiyo ndiyo iliyotuweka mjini, maana wenyeji wana majengo ya kale yasiyo na idadi na fundi wa chokaa ni wa kutafutwa kwa tochi. Miaka miwili iliyopita yeye na mafundi wenzake walipata kazi Uskoti, kutengeneza dari ya kanisa la kijijini. Siku moja wenzake walishuka kwenda kula, yeye akabaki peke yake juu ya dari, gizani, na taa yake ya kichwani. Akasikia mwanamke anamwita kwa jina. Akaitika, akageuka kumtafuta, akakanyaga pasipokanyagika. Dari ikafunguka akapita nayo.

Nyonga ilivunjika, mbavu pia, lakini hayo yalipona. Lisilopona lilikuwa lile la kuitwa. Kazini hakuna aliyelijua jina la Hamisi. Siku ya kwanza tu msimamizi alishindwa kulishika akamwita Sam, wote wakafuata, na Hamisi hakubisha. Sasa kule Uskoti, ndani ya kanisa tupu, ni nani aliyemwita Hamisi?

Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Shangazi yake wa Tanga alipopiga simu hakuuliza nyonga, aliuliza, "Amemwitikia nani huko?" Mnajua tulivyolelewa: ukisikia unaitwa na humwoni mtu, nyamaza. Hamisi hakunyamaza. Aliitika, tena kwa sauti.

Tangu hapo akaacha kuitika. Si kwamba hasikii. Ukimwita kutoka chumba kingine anakaa kimya kama jiwe mpaka umfuate, umguse bega, akuone uso. Nilizoea. Binti yetu Salma, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, yeye alikuwa akimtania. Mpaka siku ile ya Jumamosi mafuta yaliposhika moto jikoni nami niko zamu hospitali. Salma akapiga kelele za "Baba! Baba!" mara tatu. Baba mtu alikuwa sebuleni, hatua kumi. Hakunyanyuka. Salma akaufunika moto mwenyewe kwa taulo lenye maji, akaungua mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Niliporudi nilimkuta Hamisi amekaa sakafuni mlangoni kwa mtoto.

"Nilisikia, Mama Salma," akaniambia. "Nilisikia zote tatu. Nilifikiri ni yule."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba tutakwenda kwenye hilo kanisa, mimi na yeye, tukamtafute huyo aliyemwita.

King's Cross hadi Newcastle

Tuliondoka mwezi wa kumi na moja, Salma tumemwacha kwa dada yangu Walthamstow. Treni ilitoka kwa wakati na nikasema mwanzo mzuri. Tulipopita York tukasimama katikati ya mashamba. Sauti kwenye spika ikasema mti umeangukia reli huko mbele. Tukakaa. Nje kulikuwa na shamba lililolimwa, jeusi, na sanamu ya kutishia ndege imevaa koti la mtu la suti. Saa nzima tuliitazama na hapakuwa na ndege hata mmoja.

Mbele yetu alikaa mama wa Kihindi, mzee, na sweta juu ya sari. Nilimwambia Hamisi, "Kama njaa inakuuma kuna mayai kwenye mfuko," na yule mama akainua kichwa.

"Mayai gani hayo ya safari?" akasema kwa Kiswahili cha Mombasa. "Ngojeni niwape chakula."

Nusura nipige kelele. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Kisumu, akaja Uingereza akiwa na watoto wadogo, sasa alikuwa anakwenda kwa mwanawe Newcastle. Akatuambia tumwite Mama Kanta. Akafungua kopo, chapati nyembamba za majani ya uwatu, achari ya embe, viazi vya bizari. Tulikula kwa vidole mle ndani ya treni watu wakitutazama.

Akauliza tunakwenda wapi. Mimi ni mtu wa kusema, nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja kitambaa chake kidogo kidogo.

"Ulimjibu?" akamuuliza Hamisi.

"Nilimjibu."

"Mara moja alikuita, ama mara mbili?"

Hamisi akafikiri. "Moja. Lakini aliivuta. Haaamisi. Kama mtu anayejua nitachelewa."

"Ayah wetu, yaya aliyetulea pale Mombasa, alitufundisha," Mama Kanta akasema, "wakikuita mara moja, kaa kimya, ngoja ya pili. Watu wa kweli hurudia." Akaangalia nje kule kwenye lile koti la suti. "Lakini mimi, bwana wangu alipofariki, nilingoja aniite hata hiyo moja. Ningejibu mbio."

Baada ya hapo treni ikaondoka. Alipokuwa anashuka Newcastle alimshika Hamisi kichwa kama mwanawe, akasema, "Nenda, baba, ujue." Kopo la achari akatuachia.

Perth, basi, na nyumba ya wageni

Kwa sababu ya ule mti tuliikosa treni ya pili Edinburgh, tukalikosa na basi la Perth tulilokusudia, na tulipolipata jingine ilikuwa saa kumi alasiri na jua limezama. Msishangae, huko mwezi huo ndivyo. Basi lilikuwa na abiria watatu, na wa tatu alikuwa mbwa. Dereva aliendesha kati ya kuta za mawe, kila kona akipunguza mwendo, na kwenye kona moja akasema bila kugeuka, "Kanisa lile." Tukatazama. Nilichoona ni mnara tu, mweusi juu ya miti, na ncha nne zimechongoka pembeni, kama meza iliyogeuzwa miguu juu. Hamisi hakutazama. Aliangalia magoti yake.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene, mchangamfu, anayeongea haraka kwa lafudhi iliyonishinda. Nilimwambia sisi hatuli nguruwe. Akasema hakuna wasiwasi, asubuhi hatatia soseji, atatupa pudini. Nikafurahi, nikadhani kitu kitamu. Asubuhi ikaja sahani na vipande viwili vya duara, vyeusi. Hamisi alikivunja kimoja kwa uma akauliza ni nini. "Damu," yule mama akasema kwa fahari, "ya hapa hapa." Tukala mkate na chai.

Lakini kabla ya hiyo damu kulikuwa na jambo jingine, jioni tulipofika. Alitaka majina. Hamisi akataja lake na yule mama akacheka.

"Hamish! Hilo si jina lenu, hilo ni jina letu! Kila nyumba hapa imewahi kuwa na Hamish."

"Hamisi," mume wangu akamsahihisha.

"Ndiyo, Hamish," akasema yule mama, na akaandika hivyo.

Tulipanda ngazi. Chumbani Hamisi akakaa kitandani na koti lake. Miaka miwili tulikuwa tunajiuliza nani katika nchi ile analijua jina lake, kumbe kila mtu analijua. Mngedhani ingenipa faraja. Haikunipa. Ilimaanisha kwamba mtu aliita kweli, kwa mdomo wa kweli, ndani ya kanisa ambalo wote wameapa lilikuwa tupu.

Mlangoni

Kabla ya safari nilipiga simu kanisani kwamba fundi aliyeanguka anakuja, nikaambiwa mwenye ufunguo atatungoja saa tano asubuhi. Tulikwenda kwa miguu, Hamisi na fimbo yake. Kulikuwa na ukungu, si mzito, ule wa kukaa chini magotini, ukayafunika makaburi mpaka nusu. Mawe ya makaburi yenyewe yamechongwa mafuvu yenye mbawa. Hamisi, ambaye tangu tutoke London hakusema maneno hamsini, alipolifikia jengo akaanza kuongea. Ni fundi, hawezi kujizuia.

Akanionyesha kwamba ni sanduku. Ukiondoa mnara na madirisha, ni chumba kirefu cha mstatili, basi. Gothiki yake, mtindo wa makanisa makubwa ya kale, wamelivalisha kwa nje: madirisha membamba yenye matao yaliyochongoka kama vidole viwili vinavyokutana, nguzo fupi za kuegemea ukuta ambazo ukuta hauzihitaji, na zile ncha nne juu ya mnara. "Walitaka kanisa kubwa la mjini," akasema, "wakawa na mfuko wa kijiji." Jiwe lilikuwa jekundu lililopauka, limelika na mvua. Kila upande wa mlango kulikuwa na kichwa cha mtu kimechongwa mwisho wa tao. Pua zilikwisha, macho yalikwisha. Midomo tu ilibaki, wazi.

Juu kwenye mnara kulikuwa na uso wa saa usio na mishale. Nikasikia ndani yake kitu kinagonga, polepole, tak, tak.

"Mishale ilishushwa ikatengenezwe," sauti ikasema nyuma yetu. "Haijarudi. Lakini mashine haijui."

Alikuwa bibi mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa kitambaa, koti la mvua, viatu vya shamba. Alitwambia anaitwa Elspeth. Alimtazama Hamisi, akaitazama fimbo.

"Wewe ndiye Sam," akasema.

"Kazini ndiyo," nikajibu mimi. "Jina lake hasa ni Hamisi."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukipauka ghafla vile, na mimi nafanya kazi hospitali. Aliushika mlango. Midomo yake ililirudia jina bila sauti. Halafu akajigeuza, akaingiza ufunguo, akashindwa, akaingiza tena.

"Ingieni," akasema. "Kuna baridi."

Ndani kulikuwa na baridi zaidi.

Ndani

Nitawaeleza kulivyo kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatokana na jengo hilo. Katikati ya ukuta mrefu kuna mimbari, imepandishwa juu sana, na kifuniko cha mbao juu yake kama mwavuli wa kusukuma sauti kwa watu. Pande tatu nyingine kuna roshani ya ghorofa yenye mabenchi, imesimama juu ya nguzo nyembamba za chuma zilizopakwa rangi zifanane na mti. Na juu ya yote kuna kuba: matao yanapanda kutoka kutani, yanakutana katikati kwenye maua ya mawe, na mistari imechorwa kana kwamba ni jiwe juu ya jiwe.

"Si jiwe," Hamisi akasema. Alisema kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ukapanda ukutani, ukapita juu yetu, ukashukia nyuma yangu kutoka roshani ya mbali: si jiwe. Nikageuka. Hakuna mtu.

"Ni fito," akaendelea, taratibu zaidi. "Fito na chokaa na nywele za ng'ombe, vimening'inizwa kwenye mbao. Kama nyumba zetu kule. Juu yake kuna uwazi, halafu ndipo paa la kweli. Mimi nilikuwa kwenye huo uwazi."

Na hapo nikapaona. Juu ya roshani ya mashariki, kwenye lile kuba la rangi ya maziwa, palikuwa na kiraka cha ubao mweupe, kirefu, hakikupakwa rangi. Chini yake benchi mbili zilizovunjika zilikuwa zimeunganishwa kwa misumari. Hizo ndizo zilizompokea. Angepita mita moja upande huu angefika sakafuni.

Bibi Elspeth hakukaa. Alisimama chini ya tao la mnara, akamuuliza Hamisi, na kila neno lilimtoka kwa shida: "Ulipokuwa kule juu, ulimwona mtu?"

"Hapana," Hamisi akasema. "Nimekuja kuuliza hilo hilo."

"Ulimsikia?"

"Mwanamke aliniita kwa jina."

Basi yule bibi akaja, akakaa kwenye ngazi ya mimbari, akasema, "Ni mimi."

Alitusimulia. Mumewe aliitwa Hamish. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa ndiye mtunzaji wa saa ya mnara, anapanda kila siku, anajisahau huko, na yeye huja mchana kusimama chini ya tao lile na kumwita akale. Mume akafa. Yeye akaendelea kuja. Si kila siku, akasema, ni siku zile ambazo nyumba ilimshinda. Aliingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Siku ile mafundi aliwaona nje wamekaa garini wanakula, akadhani wametoka wote. Akasimama mahali pake, akaita, mara moja, kama siku zote.

"Na akajibu," akasema.

Akaita, na sauti ya mwanamume ikajibu kutoka juu, kwa lugha asiyoijua. Kisha dari ikapasuka. Hakungoja kuona nini kimeshuka. Alikimbia kwa mlango ule ule wa nyuma mpaka nyumbani kwake, akajifungia, akasikia gari la wagonjwa linakuja, linaondoka. Baadaye akaambiwa ni fundi mmoja aitwaye Sam. Kichwani kwake ikakaa hivi: amemwita mumewe kutoka kwa wafu, mumewe amekuja, na katika kuja kwake amemwangusha mtu aliye hai. Hakumwambia yeyote. Hata mchungaji.

"Nilikuacha umelala pale," akamwambia Hamisi. "Hilo nalijua kila asubuhi."

Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameyaandika yale maneno jinsi alivyoyasikia, jioni ile ile, asiyasahau. Alimpelekea mwalimu mmoja anayejua Kigaeli, lugha ya bibi zao. Mwalimu akasema si Kigaeli. Alimwuliza na mtu anayejua Kinorwe. Miaka miwili alikuwa analala na karatasi ile akijaribu kujua mumewe alimwambia nini. Akanipa mimi. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa: NAM. NA KUJA.

Niliisoma mara mbili.

Sasa nisikilizeni. Mimi nilielewa kabla ya Hamisi, kwa sababu yeye hakuwa anaiona karatasi, alikuwa ametazama juu. Na nilichoelewa si fumbo peke yake. Nilielewa kwamba yule bibi ametunza kwa miaka miwili neno la mwisho la mumewe, na kwamba si la mumewe. Nikawaza nimwambie siijui lugha hii. Nimrudishie karatasi yake, tuondoke, Hamisi nimwambie njiani. Nikafungua mdomo kumwonya asiseme kitu, na kwa haraka nikasahau mazoea yetu yote, nikamwita tu.

"Hamisi!"

"Naam," akasema.

Akili yake ilikuwa kule juu. Hata hakunitazama. Neno likapanda ukutani, likapita lile kuba la uongo, likachelewa kidogo, likashuka nyuma yetu kutoka roshani ya mashariki, kwa sauti nzito kuliko ile aliyoisema: naam.

Bibi Elspeth akasimama. Hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama Hamisi kwa muda mrefu, na mimi sikujua atalia, atatupiga au atakimbia tena.

"Ulikuwa wewe," akasema.

"Nilikuwa mimi," Hamisi akajibu. "Nilidhani ni mama yangu."

"Maana yake nini?"

"Ndiyo. Nakuja."

Akaketi tena. Tak, tak, ile mashine. "Basi yeye hakujibu," akasema. Halafu: "Basi hakukudhuru." Akayarudia yote mawili, moja baada ya jingine, kama anayepima mizigo miwili mikononi. Machozi yalimtoka lakini uso wake haukukunjamana.

Hamisi alikwenda akakaa kando yake kwenye ngazi, na ile nyonga yake, kwa taabu. Akamwambia habari za moto wa jikoni. Alikuwa hajamwambia mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi. "Wewe ulikimbia kwa hofu," akasema. "Mimi mwanangu aliniita nami nikakaa kwa hofu. Usiniombe radhi mimi."

Juu ya dari

Aliyetaka kupanda ni Hamisi mwenyewe. Ngazi za mnara ni za mawe, zinazunguka, nyembamba. Nilimsikia akipanda, fimbo, mguu, mguu, fimbo, mpaka sikumsikia tena. Mimi na Bibi Elspeth tukabaki chini tumesimama kama watu kituoni.

"Naweza kuita?" akaniuliza. "Mara moja tu. Nijue nilisikia nini."

Nikamkubalia, na mara tu nilipokubali nikajuta.

Aliita. Sauti yake ya kuongea ilikuwa ya mzee, lakini ile ya kuita ilikuwa ya mwanamke kijana, imenyooka, yenye kujua njia. Haaamish. Ikapanda. Kimya. Nilihesabu milio ya mashine, nikafika kumi na mbili. Hapakuwa na hatua wala mlio wa ubao. Bibi akanishika mkono, vidole vyake vya baridi, na nikajikuta nasoma dua ndani kwa ndani. Nilimwona tena Hamisi wa sebuleni, amekaa, anasikia.

"Naam," ikatoka dari nzima. "Nakuja."

Akashuka kama alivyopanda, mguu, fimbo, mguu. Vumbi la chokaa lilimjaa mabegani na alikuwa anatweta. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba ukiwa kule juu sauti ya chini haitoki chini. Kati ya kuba la fito na ukuta wa jiwe wameacha uwazi mwembamba, na sauti hupanda humo kama moshi, inakutokea nyuma ya sikio, upande wa mnara. Alipogeuka siku ile aligeuka upande ambao hapakuwa na mtu. Hata leo, akijua, aligeuka.

La pili alinong'ona ili bibi asisikie, kwa Kiswahili. Kule kwenye chumba cha mashine kuna kigoda na kikombe, mahali alipokuwa akikaa yule mzee. Kila kitu kina vumbi la kidole kizima. Kikombe hakina.

Nikasema labda anayekuja kuijaza saa ufunguo hunywea chai. Hamisi akasema labda. Hatukumuuliza Bibi Elspeth.

Alitupeleka nyumbani kwake, akatupa supu ya shayiri na viazi, akatuuliza mara mbili kama tunakula kondoo. Aliitia ile karatasi kwenye jiko la kuni mbele yetu, halafu akajuta, akataka kuitoa, ikawa imekwisha kushika. Hamisi akamwandikia nyingine.

Kurudi

Safari ya kurudi haina hadithi. Treni zote zilikwenda. Hamisi alilala kuanzia Edinburgh mpaka Peterborough, mdomo wazi, na mimi nikala achari ya Mama Kanta kwa mkate mpaka ulimi ukawaka.

Nyumbani anaitika sasa. Si haraka. Ukimwita kuna kimya kifupi kwanza, kama mtu anayekagua ngazi kabla ya kupanda, kisha anaitika. Salma siku za mwanzo alimwita bila sababu, kutoka bafuni, kutoka uani, mara ishirini kwa siku, na kila mara baba yake alijibu bila kumkaripia. Kazini amewaambia wasimwite Sam. Wanakosea, lakini wanajaribu.

Bibi Elspeth alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Kanisa limefungwa, waumini walibaki wanane na hapatakuwa na ibada tena. Alikwenda kabla hawajabadilisha kufuli, akakaa peke yake kwenye benchi lao mchana kutwa.

"Ulimwita?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilisikiliza tu."

Nikasita kuuliza, lakini mnanijua. "Ulisikia nini?"



"Mvua," akasema. "Mvua juu ya paa. Sikuwahi kujua kwamba inasikika mle ndani."

Akaniuliza Salma mkono wake unaendeleaje, nikamwambia unapona.